Safari Moja, Moto Mbili, Sheria Mbili

Anayetoka Katindo, mtaa wa Goma nchini Kongo, alfajiri kwenda kuuza au kununua Gisenyi, Rwanda, hupanda moto mara mbili. Ya kwanza humshusha upande wa Goma, karibu na kizuizi kile kidogo ambacho kila mtu, hata asiyejua neno lingine la Kifaransa, anakiita Petite Barrière. Hapo anashuka, anaingia kwenye msururu na beseni lake kichwani, anaonyesha kitambulisho na jeto, yaani karatasi ya kuvukia, anavuka kwa miguu. Ng'ambo anamkuta motari mwingine ameshika kofia ngumu ya ziada. "Mama, vaa kofia tugende," anamwambia, nusu Kiswahili nusu Kinyarwanda, na mama anavaa kwa sababu anajua askari yuko pale kwenye kona.

Kwenye moto ya kwanza walikuwa abiria wawili, yeye na binti asiyemfahamu, na hakuna aliyevaa kitu kichwani. Kwenye ya pili yuko peke yake.

(Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa: moto hapa ni pikipiki, ile mnayoiita bodaboda, na dereva wake ni motari. Moto wa kuni ni habari nyingine.)

Tuseme sasa mama huyu anaanguka. Mguu umevunjika, na kwa miezi mitatu hataweza kusimama sokoni. Swali la kwanza la watu wa nyumbani huwa, "Nani alikosea?" Swali hilo ni zuri, lakini hapa mpakani kuna jingine linalolitangulia: alianguka upande upi? Mguu ni uleule, mifupa ni ileile, ila umbali wa hatua chache tu unaamua kama kuna bima ya kubisha hodi, kama kuna mfuko wa serikali nyuma ya bima hiyo, au kama atabaki na motari asiye na kitu na ndugu wanaochangishana kwa simu.

Kabla ya Korona mpaka huu ulikuwa ukihesabiwa kupitisha zaidi ya watu 50,000 kwa siku, wengi wao wanawake wa biashara ndogondogo. Umefungwa na kufunguliwa mara nyingi: Machi 2020 kwa ajili ya Korona, halafu Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kuuawa kwa risasi papa hapa, saa za kufunga upande wa Kongo zikavutwa hadi saa tisa alasiri. Mtu aliyewahi kupanda moto wakati lango linakaribia kufungwa hahitaji kuelezwa maana ya mwendo kasi. Motari anajua abiria asiyevuka atalala ugenini, abiria naye anampigapiga begani. Tukizungumzia kosa la dereva, tukumbuke na hilo bega.

Nianze na upande wa Rwanda, maana ndiko kwenye milango mingi.

Tangu 1975 gari au pikipiki yoyote ya Rwanda inayotembea barabarani inapaswa kuwa na bima ya madhara yanayowapata wengine. Bima hiyo ndiyo mlango wa kwanza wa abiria, na inafuata chombo, haifuati pasipoti ya aliyeumia. Hapo ndipo Wakongomani wengi wanapojinyima wenyewe. Mtu anaumia Gisenyi, anajiambia, "Mimi mgeni, nitadai wapi?" Anabebwa kurudi kwao. Lakini kampuni ya bima haikukusanya ada kwa ajili ya Wanyarwanda peke yao. Ilikusanya kwa ajili ya yeyote atakayeumizwa na pikipiki ile.

Kiasi cha fidia nacho hakitoki kichwani mwa motari wala mwa hakimu. Kuna sheria namba 41/2001 ya tarehe 19 Septemba 2001 kuhusu fidia ya majeraha ya mwili yanayosababishwa na vyombo vya moto, na agizo la rais la Agosti 2003 lililoweka namna ya kuipigia hesabu. Gharama za matibabu, siku za kazi zilizopotea, ulemavu unaobaki, maumivu: kila kimoja kina mahali pake. Palipo na uchungu ni kwenye kipato. Mwalimu au karani analeta hati ya mshahara, mambo yanakwisha. Mama wa nyanya ataleta nini? Hana hati ya mshahara. Na mtu asipoweza kuonyesha anachoingiza, mazungumzo huanza kuteremka kuelekea kima cha chini cha mshahara. Kima hicho nchini Rwanda, kile rasmi kilichoandikwa zamani na ambacho kwa miaka mingi hakikuguswa, ni faranga 100 kwa siku. Faranga 100! Hazilipi hata moto ya kwenda mjini. Wanasheria wa huko wamekuwa wakilia na tarakimu hiyo muda mrefu, na wana haki ya kulia.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, nao walikuwa wakifikiria duka. Nadhani methali hii inamhusu zaidi mama wa beseni. Daftari la kikundi cha akiba, ujumbe wa malipo ya simu kutoka kwa wateja, stakabadhi ya ushuru wa soko, kadi ya ushirika: siku ya ajali vyote hivyo vinageuka kuwa hati ya mshahara. Mawakili wanaviokota kimoja kimoja kama mtu anayeokota mchele uliomwagika.

Mlango wa pili wengi hawajui hata kama upo. Ikiwa aliyekugonga amekimbia na hajulikani, au amekamatwa lakini hana bima, kuna mfuko maalumu wa dhamana, ambao kwa Kinyarwanda huitwa Ikigega cyihariye cy'Ingoboka, uliopangwa upya kwa sheria namba 52/2011 ya Desemba 2011. Ni mfuko wa ajabu kidogo: dirisha lilelile linalomhudumia aliyegongwa na pikipiki isiyojulikana linamhudumia pia mkulima aliyevamiwa na nyati wa hifadhi ya Volcano. Ukiufikiria vizuri, mantiki yake ni moja. Nyati hana bima, na motari aliyetoroka ni kama nyati. Lakini mfuko hauwezi kulipa kwa kuhurumia. Unataka uthibitisho kwamba ajali ilitokea, wapi na lini, na uthibitisho huo ni ripoti ya polisi.

Mlango wa tatu ni mahakama ya jinai. Kumuumiza mtu kwa uzembe ni kosa, na mwendesha mashitaka akimpeleka motari mahakamani, aliyeumia anaweza kuingia katika kesi hiyohiyo kudai fidia yake badala ya kufungua kesi nyingine. Njia hii ina faida moja kubwa: kazi ya kukusanya ushahidi inabebwa na serikali. Ina hasara pia, kwani motari akiachiwa, dai linayumba naye.

Sasa baiskeli. Gisenyi kuna vijana wengi wanaobeba abiria kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nafuu kuliko moto, na abiria anayehesabu kila faranga huwapenda. Baiskeli haina injini. Kwa hiyo haimo katika sheria ya vyombo vya moto, haina bima ya lazima, haina kampuni ya kuandikiwa barua. Ukianguka kutoka kwenye baiskeli, unamdai kijana mwenyewe, na kijana mwenyewe ana baiskeli tu. Sisemi watu wasizipande. Nasema nauli ile ndogo ina sababu nyingine zaidi ya miguu ya kijana. Ukigongwa na moto ukiwa juu ya baiskeli, hilo ni jambo jingine: hapo bima ya moto inaulizwa.

Tuvuke.

Kisheria, Goma na Gisenyi zilikuwa chumba kimoja. Wabelgiji waliacha kwenye nchi zote mbili kanuni za madeni zilizotokana na amri ya 30 Julai 1888, na ndani yake kifungu cha 258 ambacho kila avoka (wakili) wa Kongo anakijua kwa moyo: anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, lazima ailipe. Rwanda ilifuta sheria zote za kabla ya uhuru kwa sheria ya Agosti 2019. Kongo bado inatumia kifungu hicho, na kwa abiria wa moto kifungu cha maana zaidi ni cha 260, kinachomfuata mtu aliyemkabidhi mwingine kazi, na pia mtu mwenye kitu chini ya ulinzi wake.

Kwa nini cha 260? Kwa sababu motari wa Goma mara nyingi si mwenye moto. Mwenye moto ni bosi fulani, labda mfanyabiashara, labda askari, labda mwalimu aliyenunua pikipiki mbili kwa akiba yake, naye jioni anapokea verseman, yaani malipo yake ya siku. Motari akianguka na abiria, bosi husema, "Mimi sikuwepo." Kifungu hakimuulizi kama alikuwepo. Kinauliza chombo ni cha nani na kijana alikuwa akimfanyia nani kazi. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza motari baada ya ajali, kabla hajapata muda wa kufikiri: "Moto hii ya nani?"

Bima ya lazima ipo Kongo pia, kwenye karatasi tangu 1973. Kwa miongo mingi ilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali, SONAS, mpaka kanuni mpya ya bima ya Machi 2015 ilipofungulia mlango kampuni binafsi. Lakini kumkuta motari wa Goma mwenye asiransi, yaani bima, inayoishi ni bahati. Anayo moto, anayo simu mbili, anayo rozari kwenye usukani. Asiransi hana.

Ndiyo maana kesi nyingi huisha barabarani. Watu wanakusanyika, mmoja mwenye sauti anajifanya hakimu, motari anakubali kulipa x-ray na dawa za wiki mbili, kila mtu anaondoka. Siwacheki wanaokubali. Mahakama zenyewe zimepita kwenye tanuri: tangu Mei 2021, hali ya dharura ilipotangazwa Kivu Kaskazini na Ituri, kesi za jinai zilipelekwa kwenye mahakama za kijeshi, hivyo hata aliyevunjwa mguu na pikipiki akajikuta anapanga foleni pamoja na kesi za silaha. Kisha mwishoni mwa Januari 2025 mji ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23, na vyombo vya sheria vya Kinshasa vikasimama. Katika hali hiyo makubaliano ya barabarani si ujinga. Ujinga ni kuyaacha hewani. Yaandikwe: tarehe, mahali, namba ya moto, jina la motari na la mwenye moto, kiasi kilicholipwa leo na kinachobaki, mashahidi wawili. Na lisiandikwe neno kwamba aliyeumia "hatadai tena". Mguu unaoonekana umepona mwezi wa pili unaweza kuhitaji chuma mwezi wa sita.

Vipi kuhusu programu za simu, zile ambazo unabonyeza na dereva anakuja? Petite Barrière hakuna anayebonyeza. Programu ya hapa ni namba ya motari uliyemzoea, iliyohifadhiwa kwa jina la "Moto Gisenyi 2". Lakini Kigali wamekwisha kupita huko. SafeMotos ilianza katikati ya muongo uliopita kwa wazo la kumpima motari kwa simu yake, kama anakimbiza au anatulia. Yego, kampuni nyingine, ikaja na mita za nauli. Serikali ikataka kila moto iwe na mita, na tarehe 13 Januari 2022 motari wakagoma mitaani, malalamiko yao yakiwa mita hizo pamoja na bei ya bima iliyokuwa ikipanda.

Hiyo bei ya bima tusiipite haraka. Abiria huona bima kama stika. Motari anaiona kama wiki kadhaa za kazi zilizolipwa kwa mkupuo. Ikipanda sana, atakayeikwepa kwanza ni motari maskini kuliko wote, na abiria wa motari huyo ndiye anayebaki na mfuko wa dhamana kama tegemeo.

Duniani kampuni za programu zimeimba wimbo mmoja: sisi tunaunganisha watu tu, hatusafirishi mtu. Huko San Francisco, mkesha wa mwaka mpya wa 2014, dereva wa Uber aliyekuwa akisubiri abiria alimgonga na kumuua mtoto, na kampuni ikasema hakuwa amebeba mteja. Mwaka huohuo jimbo la California likatunga sheria ya kuziba pengo: tangu dereva anapowasha programu, bima fulani iwepo, na abiria akiwa ndani kiwango kinafika dola milioni moja. London, tarehe 19 Februari 2021, Mahakama ya Juu iliamua kwamba madereva wa Uber ni wafanyakazi, ikitazama kazi inavyofanyika na siyo mkataba unavyojieleza. Kesi ile ilihusu madereva, si abiria, lakini namna ya kufikiri ni ileile ya kifungu cha 260. Kenya nayo ilitoa kanuni za kampuni hizi mwaka 2022. Watu wakashika zaidi ile asilimia 18 ya kamisheni, kwa sababu ndiyo iliyogusa mfuko wa dereva.

Kwa abiria wa mpakani, faida ya programu ni moja na nyepesi kueleza: inaandika. Nani alikubeba, saa ngapi, kutoka wapi. Bila programu, kazi hiyo ni yako. Malipo ya simu yangesaidia, maana ujumbe wake unabeba jina na saa, ila nauli hulipwa mwisho wa safari, na ajali haisubiri mwisho. Basi piga picha namba ya moto kabla ya kupanda, au mtumie ndugu yako. Motari wengine hununa. Waache wanune.

Na sasa kosa ninaloliona kubwa kuliko yote, na linafanywa kwa upendo. Mtu wa Goma anaanguka Gisenyi. Wenzake, kwa huruma, wanambeba mara moja kumvusha kizuizi akatibiwe kwao, ambako hospitali wanazijua, ndugu wapo, na uji utaletwa. Saa mbili baadaye yuko kitandani Goma, na upande wa Rwanda hakuna karatasi hata moja inayosema aliwahi kuumia huko. Polisi hawakuchora mahali pa ajali. Daktari wa Gisenyi hakumwona. Motari ameshaosha damu kwenye tandiko. Wiki mbili baadaye ndugu wanarudi kudai, na kampuni ya bima inauliza swali la halali kabisa: tutajuaje kwamba hakuangukia Goma?

Kinyume chake pia hutokea: Mnyarwanda anaumia Goma, anakimbizwa Gisenyi kwenye mituweli yake, yaani bima ya afya. Mituweli itamtibu, lakini haitamdai bosi wa moto ya Goma kwa niaba yake.

Mgonjwa anayevuja damu atibiwe, hilo halina mjadala. Lakini anayeweza kusubiri nusu saa asubiri polisi, na aanzie hospitali ya upande alioumia, hata kama ni kwa bandeji na cheti tu. Akiwa hawezi, mmoja wa wenzake abaki pale na simu, apige picha moto, barabara, stika ya bima, na uso wa motari ikibidi.

Lugha isimtishe. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na Gisenyi ulikuwa mji wa Waswahili kabla sheria haijasema hivyo. Maelezo ya polisi yakiandikwa kwa Kinyarwanda usichokisoma, omba usomewe kwa Kiswahili kabla ya kutia kidole. Vilevile karatasi ya kampuni ya bima inayokuja na hundi: mara nyingi ni ya kumaliza madai, na ukishasaini, umemaliza. Kila wilaya ya Rwanda, ikiwemo Rubavu ulipo mji wa Gisenyi, ina ofisi ya msaada wa sheria ya wizara ya haki, watu wanaiita MAJ, na ushauri wake haulipiwi. Bima ikikupiga kalenda, malalamiko yanapelekwa Benki Kuu ya Rwanda, ambayo ndiyo inayozisimamia kampuni hizo.

Kwa magari, yale mabasi madogo na teksi zinazovuka mpaka wenyewe, kuna kadi ya njano ya COMESA, ambayo Rwanda na Kongo zote zimo: bima ya nyumbani inafuata gari hadi nchi ya jirani. Kwa mama wa beseni kadi hiyo ni hadithi ya wengine, kwa kuwa moto yake inaishia kizuizini.

Upande wa Rwanda, namba ya ajali za barabarani ni 113 na ya ambulansi ni 912. Ziandike kwenye simu sasa hivi, kabla hujafika kwenye foleni, karibu na ile ya Moto Gisenyi 2.